Kuuza Msalaba na Kuuza Upako: Jibu kwa Mwenye Duka wa Mwanza

Swali nililopokea limeandikwa na mama mmoja mwenye duka dogo la mapambo jijini Mwanza. Nalinukuu kwa kifupi: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mlutheri niliyeolewa na Mkatoliki. Nauza hereni, mikufu na bangili, na kwa muda mrefu bidhaa inayotoka kuliko zote dukani kwangu ni mikufu yenye misalaba. Hivi karibuni kiongozi wa huduma moja ya maombezi ameniagiza bangili 500 zenye msalaba, zisizo na nembo ya duka langu, nimuuzie kwa shilingi 3,000 kila moja. Anasema ataziombea, kisha atawauzia waumini kwa shilingi 30,000 kama bangili za upako za kufungua milango ya kazi na ndoa. Ameshatoa malipo ya awali. Mume wangu anasema hiyo ni dhambi, lakini yeye mwenyewe anavaa rozari shingoni kutwa nzima. Je, nafanya biashara ya imani? Niache kuuza misalaba kabisa?"

Marahaba, binti yangu, na asante kwa kuuliza kabla ya kupeleka mzigo.

Nianze na jibu lenyewe ili usikae na wasiwasi. Kuuza mkufu wenye msalaba si dhambi, na huna sababu ya kuacha. Kumpelekea mtu huyo bangili 500, ilhali umeshajua zitauzwa kwa ahadi gani, ni jambo ninalokusihi usilifanye, hata kama fedha ya awali imeshaingia mkononi. Rozari ya mume wako ni suala la tatu, linalojitegemea. Watu huyachanganya mambo haya matatu, ama kwa kuyahalalisha yote kwa pamoja au kwa kuyalaani yote kwa pamoja, na kila upande huwa na aya zake za Biblia.

Wakristo wa karne za mwanzo hawakuvaa msalaba, na sababu yake inaeleweka: Dola ya Rumi ilikuwa bado inawasulubisha watu, na hakuna aliyetamani kuning'iniza shingoni mfano wa chombo alichokiona kikiua watumwa na wahalifu kando ya barabara. Mafundisho ya zamani sana tuliyo nayo kuhusu mapambo ya Mkristo ni ya Klementi wa Aleksandria, aliyeandika karibu na mwaka 200. Pete ya muhuri ilikuwa kifaa cha kazi wakati huo, kwa kuwa mtu aliitumia kutia alama kwenye hati na kufunga mali yake, hivyo Klementi hakuikataza. Alishauri ichorwe njiwa, samaki, merikebu, kinubi au nanga, akakataza sura za miungu, upanga na upinde kwa watu wanaofuata amani, na vikombe vya mvinyo kwa watu wenye kiasi. Msalaba haumo katika orodha yake. Kilichomo ni kanuni inayokufaa wewe hadi leo, yaani kwamba kitu unachokivaa kwa haja halali kinaweza kubeba alama inayolingana na maisha yako, na alama inayopingana na maisha yako ni afadhali uiache.

Baadaye msalaba uliingia shingoni, na ulivyoingia ni jambo la kutazamwa kwa karibu. Mwaka 379 alifariki Makrina, mwanamke mtawa wa Kapadokia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Mdogo wake wa kiume, Askofu Gregori wa Nisa, ameeleza jinsi mwanamke aitwaye Vetiana, alipokuwa akiuandaa mwili kwa maziko, alivyoufungua uzi mwembamba uliokuwa shingoni mwa marehemu na kumwonyesha msalaba mdogo na pete, vyote viwili vya chuma, ambavyo siku zote vilikaa juu ya moyo wake. Ndani ya pete mlikuwa na kipande kidogo cha mti ulioaminika kuwa wa msalaba wa Bwana. Makrina alizaliwa katika ukoo wenye mali nyingi, na kama angetaka dhahabu angeipata. Vitu hivyo viwili viligawanywa palepale bila bei yoyote, Vetiana akachukua msalaba na Gregori akabaki na pete.

Muda mfupi baadaye, huko Antiokia, Yohane Krisostomo alizungumzia tabia mbili zinazofanana kwa nje. Aliwataja kwa furaha wanaume na wanawake waliofunika vipande vya mti wa msalaba kwa dhahabu na kuvivaa shingoni, kwa sababu aliona kwamba kitu kilichokuwa alama ya hukumu sasa kinaheshimiwa. Lakini katika mahubiri yake ya mwaka 387 aliwagusa pia wanawake waliowavalisha watoto na kujivalisha wenyewe vitabu vidogo vya Injili kama kinga, akawahimiza waziandike amri za Injili moyoni, kazi ambayo, alisema, haihitaji dhahabu wala kununua kitabu. Dhahabu haikumkera mhubiri huyu, wala kitu kuvaliwa shingoni. Kilichomkera ni mtu kuiachia ngozi na wino kazi ambayo ilipaswa kufanywa na moyo wake. Nimelitaja hili kwa urefu kwa sababu wapo wanaosema kwamba matatizo ya vitu vya upako yameletwa na televisheni na simu za mkononi, na ukweli ni kwamba Kanisa limeyajua tangu karne ya nne.

Kuhusu tofauti za makanisa nitapita haraka. Mtaguso wa pili wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 787, uliweka wazi kwamba heshima inayotolewa kwa sanamu humwendea yule anayewakilishwa nayo, na Wakatoliki na Waorthodoksi wameshika msimamo huo. Wasabato, kwa kufuata 1 Timotheo 2:9 na 1 Petro 3:3, hufundisha kuepuka vito na mapambo kwa ujumla, na Mashahidi wa Yehova hawatumii msalaba kabisa, kwa kuwa wanaamini Yesu alikufa juu ya mti wa mateso usio na boriti ya kukingama. Uwaheshimu wote wakiingia dukani. Wewe mwenyewe umelelewa katika kanisa ambalo mwanzilishi wake, Martin Luther, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, aliwaagiza waumini wafanye ishara ya msalaba asubuhi na jioni, na ambaye nembo yake binafsi ilikuwa msalaba mweusi ndani ya moyo mwekundu. Anayekwambia kwamba Mlutheri hana uhusiano na alama ya msalaba hajaisoma historia ya Walutheri.

Ukitaka kuliona suala lako lote likiwa limekusanywa mahali pamoja, soma Matendo ya Mitume sura ya 19 na ya 20 kwa mfululizo, kwa sababu karibu kila mtu aliyemo katika barua yako yumo pia Efeso. Yumo mfanyabiashara wa alama za dini, Demetrio mfua fedha, aliyetengeneza vihekalu vya fedha vya Artemi na kuwapatia mafundi wenzake faida nyingi. Alipoona mahubiri ya Paulo yanapunguza wateja, aliwakusanya mafundi akawaeleza kwanza kwamba utajiri wao unatokana na kazi hiyo, kisha ndipo akataja heshima ya mungu wao wa kike. Mimi naamini Luka aliuandika mpangilio huo wa maneno kwa makusudi. Wamo pia wenye shida, yaani wagonjwa waliopelekewa leso na nguo zilizogusa mwili wa Paulo wakapona. Wamo wana wa Skewa, waliotaka kulitumia jina la Yesu kama zana ya kazi, na wakatoka mbio uchi na wenye majeraha. Na wamo watu waliokuwa wametumia fedha zao kwa miaka kununua elimu ya uganga, ambao walipoamini walivileta vitabu vyao na kuvichoma mbele ya wote, na thamani yake ilipohesabiwa ikawa vipande 50,000 vya fedha.

Aya ya leso, Matendo 19:12, ndiyo husomwa na kila anayeuza kitambaa cha upako, na nina hakika mteja wako ataitaja ukimkatalia. Mimi naiamini aya hiyo na sina haja ya kuipunguza makali. Ila msomaji asiishie hapo, aendelee hadi sura ya 20, ambako Paulo anaagana na wazee wa kanisa la mji uleule wa leso zile. Anawaambia, "Sikutamani fedha wala dhahabu, wala mavazi ya mtu," kisha anawakumbusha kwamba mikono yake mwenyewe ndiyo iliyomtimizia mahitaji yake. Paulo, kama sura ya 18 inavyosema, alikuwa fundi wa mahema. Alikuwa na bidhaa, aliiuza, na hakuna mahali alipoona haya kupokea malipo ya hema. Hema lilikuwa na bei, leso hazikuwa na bei. Kama ningetakiwa kukujibu kwa sentensi moja tu, ningekujibu kwa hiyo.

Sasa turudi kwenye hesabu ya mteja wako. Wewe unauza bangili kwa shilingi 3,000, na ndani ya bei hiyo kuna malighafi, usafiri, kodi ya chumba na riziki ya watoto wako. Yeye ataiuza kwa shilingi 30,000. Tofauti ya shilingi 27,000 ni ya nini? Ingekuwa ni kodi ya pango la mtaani au gharama ya lori kutoka Dar es Salaam, ningesema ni faida kubwa kupita kiasi na ningeishia hapo. Lakini yeye mwenyewe amekwambia ni ya nini: ni bei ya maombi na ya milango itakayofunguka. Kwa bangili 500 hiyo ni shilingi 13,500,000, na yote ni malipo ya kitu ambacho Bwana alisema juu yake, "mmepata bure, toeni bure." Simoni wa Samaria alipotaka kununua uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu, Petro alimjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Kosa la Simoni lilikuwa la mnunuzi, na Petro hakumwonea haya. Sijui kwa nini muuzaji astahili jibu laini zaidi.

Nakuomba ulitazame pia lile sharti la kuondoa nembo ya duka lako. Mtu anayeona fahari juu ya bidhaa yake hana sababu ya kuficha ilikotoka. Sharti hilo lina maana moja tu, kwamba mwumini asije akapita sokoni akaikuta bangili ileile kwa bei ya kawaida, akauliza maswali. Wewe ungekuwa sehemu ya maficho hayo kwa mkono wako mwenyewe.

Na mnunuzi ni nani? Ni msichana aliyemaliza chuo na hajapata kazi, ni mama anayeuguliwa na mtoto, ni mwanamume aliyefukuzwa kiwandani. Shilingi 30,000 kwao ni chakula cha siku kadhaa. Mlango usipofunguka, mara nyingi huambiwa kwamba imani yao ilikuwa ndogo, au kwamba bangili ile ilikuwa ya daraja la kwanza na sasa inahitajika ya pili. Taifa letu limeshaona mahali ambapo njaa hii ya vitu inaweza kufika. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana uwanjani kwa sababu umati ulikimbilia kukanyaga mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Sisemi kwamba bangili zako zingemuua mtu. Nasema kwamba waliokufa Moshi walikuwa watu wa maombi, wenye mahitaji ya kweli, waliofundishwa kwamba baraka imo ndani ya kitu, na kwamba anayechelewa kukigusa ataikosa.

Atakwambia kwamba Wakatoliki nao huuza rozari, na ni kweli, huuza. Kila tarehe 3 Juni, katika hija ya Mashahidi wa Uganda huko Namugongo, ambako huenda pia mahujaji wengi kutoka Tanzania na Kenya, wachuuzi hupanga rozari, medali na picha za watakatifu kando ya barabara. Masista wa Mtakatifu Paulo wana maduka ya vitabu na vifaa vya ibada Nairobi na Dar es Salaam. Tofauti ipo katika hatua inayofuata: mnunuzi hulipa gharama ya shanga na uzi, kisha huipeleka rozari yake kwa padre ibarikiwe, na baraka hiyo haina bei. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 ilikwenda mbali zaidi, ikasema kwamba kitu kilichobarikiwa hupoteza baraka yake kikitolewa kuuzwa hadharani, na ile ya mwaka 1983 inakataza kabisa kuuza masalia ya watakatifu. Sitetei kila kinachofanyika kwenye vituo vya hija, kwa maana nimewaona wachuuzi wakiwaaminisha wazee kwamba medali fulani ina nguvu kuliko nyingine. Lakini hao wanavunja kanuni ya kanisa lao, wakati mteja wako ameigeuza nguvu yenyewe kuwa bidhaa.

Rozari ya mume wako ina shanga 59: 53 za Salamu Maria na 6 za Baba Yetu. Imetengenezwa ili ipite vidoleni, shanga moja baada ya nyingine. Kanisa lake halijamkataza kuivaa shingoni, linachotaka ni kwamba vitu vitakatifu vishikwe kwa heshima na visitumike kwa mambo yasiyovifaa. Katika misheni za Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, za eneo letu la Maziwa Makuu, aliyeanza mafundisho ya dini alipewa medali ya kuvaa shingoni, na ilikuwa namna ya kusema mbele ya kijiji kwamba nimeanza safari hii. Huko Ethiopia, Mkristo hufungwa shingoni uzi uitwao mateb anapobatizwa, na wengi huning'iniza humo msalaba wa fedha. Misalaba mingi ya zamani ya huko ilifuliwa kutokana na riale za Maria Theresa, yaani sarafu za fedha, zilezile zilizokuwa zikitumika sokoni Unguja katika karne ya 19. Kwa hiyo usimcheke mume wako. Muulize kwa upole kama anaisali. Akisema ndiyo, basi shingo ni mahali tu anapoiweka mikono ikiwa na kazi. Akisema anaivaa ili asipate ajali, mwambie kwamba Katekisimu ya kanisa lake mwenyewe, ibara ya 2111, inataja kuwa ni ushirikina kuzihesabia alama takatifu nguvu kwa umbo lake la nje tu, bila moyo wa anayezitumia.

Kuhusu vijana wanaonunua misalaba mikubwa kwa sababu wamemwona mwanamuziki ameivaa, hilo lisikunyime usingizi. Mtindo huo una umri wa miongo kadhaa, tangu waimbaji wa Marekani walipouzoesha ulimwengu katika miaka ya 1980, na wewe huna mamlaka ya kumhoji kijana imani yake kabla ya kupokea fedha yake. Wakristo wa Kikopti wa Misri huchora msalaba kwenye kifundo cha mkono, alama isiyovuliwa hata siku ambayo kuionyesha ni hatari. Kijana wa Mwanza anaweza kuuvaa wake kama pambo leo na kuuelewa baada ya miaka kumi. Mfungie mzigo wake kwa heshima.

Upande wako wa biashara, jipime kwa njia hii. Chukua kidani cha msalaba na kidani cha ua, vya madini yaleyale na uzito uleule. Kama unauza msalaba kwa bei ya juu, jiulize nyongeza hiyo ni ya nini. Kama ni kwa sababu fundi ametumia muda zaidi, ni halali yake, kama ilivyo halali kwa mchongaji wa Mwenge kudai malipo ya siku anazozitumia kuutoa msalaba kwenye gogo la mpingo. Kama ni kwa sababu unajua muumini atalipa tu, punguza. Usiandike "imebarikiwa" kwenye kisanduku. Usiseme imetoka Yerusalemu ilhali ilishushwa Kariakoo ikitokea Yiwu, China. Kitu chenye alama ya 925 kina fedha halisi asilimia 92.5, na kilichopakwa rangi juu ya shaba kitaacha kijani shingoni mwa mvaaji akitoka jasho, hivyo mwambie mteja ukweli kabla hajalipa, na mwenye ngozi inayowashwa na nikeli mwelekeze kwenye bidhaa isiyo na nikeli. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa, na haisemi kwamba bidhaa yenye msalaba imesamehewa.

Kuhusu oda yenyewe, mrudishie malipo ya awali yote, kwa njia yenye kumbukumbu, ama kwa simu au benki, na umwandikie sababu kwa maneno machache: kwamba uko tayari kumuuzia bangili kama bangili, zikiwa na nembo ya duka lako, na kwamba hutazitengeneza kwa ajili ya kuuzwa kama upako. Mwite baba mchungaji kama ulivyokuwa ukimwita, wala usimtangaze sokoni. Huenda akampata fundi mwingine kabla ya wiki kwisha, na hilo litakuwa juu yake na fundi huyo. Kama ulikuwa umeshanunua malighafi au bangili zimeshakamilika, usimdai fidia, kwa kuwa wewe ndiye uliyebadili nia. Zitie nembo na uziweke kwenye kabati la kioo pamoja na nyingine kwa bei yako ya kawaida. Anayezitaka apewe risiti iliyoandikwa bangili moja, na jina la madini yake.